Miwani ikipata ukungu, barakoa haijakaa

Asubuhi za Julai hapa Mafinga ukitoka nje saa moja pumzi yako unaiona kama moshi. Baridi hiyo ndiyo iliyonifundisha kuvaa barakoa. Nikiivaa vibaya, miwani inanisuta kabla sijafika kliniki: kioo kinajaa ukungu, yaani pumzi inatorokea juu, kando ya pua. Na panapotokea pumzi yangu ndipo itakapoingilia ya mgonjwa.

Mimi ni nesi wa kifua kikuu. Kila wanafunzi wapya wakija mazoezini, swali la kwanza ni lile lile: "Sista, tuvae ipi?"

Ile ya bluu, ya upasuaji, ina matabaka matatu. La nje linazuia majimaji, la katikati linachuja, jeupe la ndani linanyonya unyevu wa pumzi yako. Mtu akikupigia chafya usoni itakusaidia. Ila tazama mashavuni: pako wazi. Mgonjwa wa TB akikohoa, matone makubwa yanaanguka, madogo yanakauka hewani yanabaki chembe za maikromita 1 hadi 5 (maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na hizo zinaweza kuelea chumbani kwa saa kadhaa. Chembe kama hiyo inapita kwenye upenyo wa shavu bila hodi. Kwa hiyo ya bluu mpe mgonjwa, izuie kinachotoka kwake. Wewe vaa N95, ile ngumu ya mikanda miwili inayobana uso pande zote. Za kitenge tulizoshonesha 2020 waachie wanaokwenda sokoni.

Hiyo 95 maana yake inanasa angalau asilimia 95 ya chembe za kama maikromita 0.3, ambazo ndizo sumbufu zaidi kunasa. Wengi wanadhani inafanya kazi kama chujio la chai, matundu madogo tu. Hapana. Nyuzi zake zimetiwa chaji ya umeme, zinavuta chembe kama kitana cha plastiki ulichopitisha kwenye nywele kavu kinavyovuta vipande vya karatasi. Ndiyo maana haifuliwi. Kuna mwenzangu aliifua yake kwa sabuni ya unga, akaianika kambani katikati ya soksi za watoto. Ilitakata kwelikweli. Nikamwambia dada, hiyo sasa ni kofia ya pua.

Kuvaa kwenyewe: nawa mikono. Ipakate kiganjani, mikanda ining'inie chini. Ishike kidevu kwanza, kisha pua. Mkanda wa juu ukae juu kisogoni, wa chini shingoni chini ya masikio, na isipishane. Mwenye rasta alizozifunga juu, apitishe mkanda chini ya fundo. Ukikaa juu ya fundo utateleza katikati ya kazi. Chuma cha puani kibonyeze kwa vidole vya mikono yote miwili, ukishuka taratibu pande zote. Ukikifinya kwa mkono mmoja kinafanya kona, na kona ni mlango.

Halafu ijaribu, kila unapovaa. Funika kwa viganja viwili bila kuisukuma, pumua nje. Ukisikia upepo machoni au shavuni, rekebisha. Vuta pumzi ndani: inatakiwa inywee kidogo kuelekea usoni. Isiponywea, anza upya.

Kuna kijana alikuja na ndevu nzuri mno, zimechongwa. Akapumua nje, upepo ukamtoka pande zote.

"Sista, hizi mchumba wangu anazipenda."

"Basi mwambie achague, ndevu au zamu kwangu."

Kesho yake alikuja amenyoa, kidevu kimejaa vipele vya wembe. Barakoa ikakaa.

Sasa dirisha, maana hapa kwetu ndiko kwenye vita. Mzee wa Makete anaingia amejifunga blanketi, kabla hata ya kujibu salamu yangu ya kamwene anasema, "Mwanangu, funga dirisha, tutakufa na baridi." Namheshimu, naongeza blanketi la pili, dirisha nalo linabaki wazi. Barakoa inapunguza unachovuta. Hewa inayopita inapunguza kilichomo chumbani. Na angalia inapita kuelekea wapi. Mimi mwenyewe nilikaa muda mrefu na meza upande usiofaa. Siku moja nikawasha kijiti cha udi nione: moshi ukatoka dirishani, ukapita kiti cha mgonjwa, ukanijia puani. Mchana huo huo tulihamisha meza. Upepo sasa unanipiga mgongoni, unaenda kwa mgonjwa, unatokea mlango wa nje. Makohozi ya kupimwa wagonjwa wanatolea nje, uani, mbali na watu, chooni kamwe.

Kuvua: usiguse mbele. Mkanda wa chini kwanza, kisha wa juu, iweke, nawa mikono. Ukilazimika kuirudia, itunze kwenye mfuko wa kaki wenye jina lako; kwenye nailoni inabaki na unyevu. Kila ninapoivaa naandika mstari mmoja kwenye mfuko kwa kalamu, mistari ikifika mitano natupa. Ikilowa, ikikunjika au mkanda ukilegea natupa bila kuhesabu. Kituo kimoja nilikopita zamani, maboksi yalikuwa yanafungiwa stoo mpaka waje wageni wa ukaguzi, na sisi tunarudia moja mpaka inabadilika rangi. Ikikutokea hivyo andika kwenye kitabu cha ripoti kila zamu, kwa tarehe. Mdomo unasahaulika.

Na usiishushe kidevuni ili unywe chai. Vua kabisa, toka nje kwenye jua, kunywa, rudi uvae upya na kupumulia viganjani tena.