Simu yako ipangwe kabla gari halijaondoka

Kwa mwendo wa kilomita 90 kwa saa, gari linakula mita 25 kila sekunde. Ukisoma ujumbe kwa sekunde nne tu, umekwenda mita 100 bila kuona mbele, na mguu bado haujagusa breki. Ndiyo maana simu hushughulikiwa gari likiwa limesimama.

Andika unakokwenda kwenye ramani, kisha pandisha sauti ya maelekezo hadi uisikie vizuri hata vioo vikiwa wazi. Maelekezo yasiposikika, utakodolea skrini kila njia panda. Chagua muziki mapema. Washa "Usinisumbue", hali inayonyamazisha simu na ujumbe unaoingia, na, kama simu yako inaweza, ipange hali hiyo ijiwashe yenyewe gari likianza kutembea. Ruhusu namba mbili tatu za dharura. Makundi ya gumzo yasiwemo hata moja.

Kama huhitaji ramani, simu ikae kwenye mkoba, kiti cha nyuma. Mapajani ndipo pabaya kuliko pote: unainamisha kichwa kizima, na ukifunga breki ghafla inadondoka na kuweza kukwama chini ya pedeli. Ikidondoka, iache hapohapo mpaka usimame. Kishikio cha simu kisizibe kioo cha mbele, wala kisikae juu ya kifuniko cha mfuko wa hewa, kwa sababu mfuko ukifumuka utaweza kukurushia simu usoni.

Wengi wanaamini spika au kifaa cha masikioni kinamaliza tatizo. Hakimalizi. Mikono iko kwenye usukani lakini akili imehamia kwenye maongezi, na macho yanaweza kumpitia mtu anayevuka bila dereva kumtambua. Abiria akiona barabara imebana hunyamaza. Anayekupigia haoni kitu, anaendelea kuuliza. Ukijikuta umepokea, sema "Naendesha, nitakupigia," ukate.

Taa nyekundu nazo si mapumziko ya kuchati. Utafiti wa mwaka 2015 wa AAA Foundation, taasisi ya Marekani ya usalama barabarani, ulionyesha kuwa baada ya kutumia amri za sauti, akili huweza kuchukua hadi sekunde 27 kurudi barabarani. Taa haitakusubiri muda huo.

Kuna abiria? Mkabidhi simu, asome na kujibu yeye. Uko peke yako na jambo haliahirishiki? Washa indiketa, toka barabarani kabisa mahali panapoonekana, si baada ya kona, vuta breki ya mkono, ndipo ushike simu.