Namna ya Kufuatilia Wahitimu wa Kidato cha Nne

Kazi hii ianze kabla ya mtihani wa Novemba, wanafunzi wakiwa bado darasani, kwa sababu wakishatawanyika ni vigumu kuwapata. Katika daftari moja andika jina la kila mwanafunzi, kijiji, kitongoji na namba tatu za simu: yake, ya mzazi na ya jirani, maana laini za vijana hazidumu.

Piga simu matokeo yakishatoka, kisha tena baada ya mwaka mmoja. Msimu wa korosho ukipamba moto, piga usiku. Usiulize "Unafanya nini?", kwani utajibiwa "Nipo tu", uliza jana alishinda wapi na nani anamlipa. Kijana wa Tandahimba anayepalilia mikorosho ya baba yake asubuhi na kuendesha bodaboda jioni atakwambia hana kazi, ilhali daftari linapaswa kuonyesha shughuli zote mbili. Waliokwenda kidato cha tano au vyuo vya ufundi vya VETA hawasumbui. Wanaopotea zaidi, kwa maoni yangu, ni wasichana walioolewa. Hao waulizie kwa mama zao, kwa staha. Asiyepatikana aandikwe "hajulikani", wala asihesabiwe miongoni mwa wasio na kazi.