Mgomo wa ndege ukisha, dai chako kabla ya kupokea zawadi

Mgomo ukimalizika, mashirika ya ndege huwa na haraka ya kuwatuliza wateja wao wa kudumu, wale wenye kadi za fedha na dhahabu zinazokusanya pointi kwa kila safari. Unaletewa barua pepe ya pole, shukrani kwa uvumilivu wako, na pointi au vocha. Mimi nakata tiketi Malindi, Mjini Unguja, na wateja wangu wengi ni wafanyabiashara wa Darajani wanaofuata mali Dubai na Guangzhou. Ninayowaambia wao nawaandikia na nyinyi: pole ipokeeni, lakini msibonyeze kukubali mpaka mjue mnadai nini.

Mgomo ukitangazwa, usifute safari mwenyewe. Marubani wa Kenya Airways walipogoma Novemba 2022, abiria wa kuunganisha Nairobi walikwama, na hofu ya namna ile ndiyo inayomfanya mtu aharakishe. Ukifuta wewe, unafuata masharti ya tiketi yako, na tiketi rahisi mara nyingi hairudishi kitu. Ngoja shirika lifute, kisha likurejeshee nauli au likutafutie ndege nyingine.

Kama uliondokea nchi ya Umoja wa Ulaya, au ulikuwa unakwenda huko kwa shirika la huko, mfano Condor la Ujerumani kutoka hapa uwanja wetu wa ndege wa Kisauni hadi Frankfurt, unalindwa na kanuni namba 261 ya mwaka 2004. Safari zetu za huko zinazidi kilomita 3,500, kwa hiyo fidia yake ni yuro 600, mbali na nauli, ikiwa ulipewa taarifa chini ya siku 14 kabla na hukupatiwa ndege ya saa zinazokaribiana. Wakikwambia mgomo ni dharura, wajibu kwa hukumu ya kesi ya shirika la ndege la SAS ya Machi 2021: Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kuwa mgomo wa wafanyakazi wa shirika lenyewe, ulioitishwa na chama chao kudai maslahi, hauliondolei shirika deni hilo. Mgomo wa waongoza ndege wa mnarani, ambao si watu wa shirika, ni jambo jengine. Na fidia hiyo hailipwi kwa vocha bila ya saini yako.

Mama mmoja muuza vitenge alinijia na simu mkononi. "Mwanangu, wamenipa vocha, nikubali?" Nikamwambia, "Bi mkubwa, tusome masharti kwanza." Chini kabisa iliandikwa kuwa akikubali hatodai tena. Tuliiacha, tukaandika dai la nauli.

Nauli ikishadaiwa, tuje kwenye kadi, maana hapa ndipo watu wanapopoteza vyao. Ukihamishiwa shirika ambalo si mshirika wa lile la kadi yako, safari ile haiingii yenyewe. Omba uhesabiwe pointi za tiketi ya mwanzo. Mashirika mengi hukubali, ila sharti uombe. Ambatisha namba ya tiketi ile, yenye tarakimu 13, na picha ya pasi ya kupandia ndege. Pasi hizo watu wanazitupa Terminal 3 mara wakishuka, na inaniuma kila nikiona. Kama ulilipia kwa pointi, zirudi zote pamoja na kodi uliyolipa kwa pesa.

Kisha daraja. Ukiwa umebakisha safari chache kubaki dhahabu, na ndizo zilizofutwa, andika barua fupi yenye namba ya kadi, safari na tarehe zake, na ombi moja: wazihesabu kama umesafiri, au wakuongezee muda. Hiyo ni hisani, si sheria, kwa hiyo iandike mbali na dai la nauli. Ukichanganya, watakupa pointi na kulifunga faili. Mimi naamini mteja wa miaka anastahiki hilo bila ya kuomba.

Kwa ndugu zetu wa Pemba: ndege ndogo ya Chake Chake au boti huwa ni tiketi mbali, na shirika kubwa halina dhamana nayo. Weka hata hivyo risiti zake, pamoja na za nyumba ya wageni na chakula, uziambatishe kwenye dai lako. Mkataba wa Montreal, ambao Tanzania imeuridhia, unampa abiria wa safari za kimataifa miaka 2 ya kufungua kesi ya hasara ya kuchelewa.