Kompresa ya gereji ya nyumbani: hesabu upepo kabla ya kutoa pesa

Anayeamua kutengeneza gari lake mwenyewe uani huvutwa kwanza na kompresa, yaani mashine ya kusukuma upepo. Ingepaswa kununuliwa mwisho. Kwa Vitz, IST, Probox au Noah, kazi nyingi za nyumbani kama kumwaga oili, kubadilisha breki padi, plagi na hata shokapu humalizwa kwa mkono. Pesa ya kwanza iende kwenye vitu vya kukukinga usiangukiwe na gari.

Nunua jeki ya magurudumu ya tani 2 au zaidi, pamoja na stendi mbili. Jeki kazi yake ni kunyanyua tu. Gari likishapanda, liketi juu ya stendi ndipo uingie chini. Sili ya mafuta ndani ya jeki ikichoka, jeki hushuka bila kukuonya, na jeki mpya nayo inaweza kushuka. Kwenye Toyota ndogo nyingi mahali pa kunyanyulia ni ukingo wa bati chini ya milango, kati ya vikato viwili vidogo. Ukikosea hapo, bati linajikunja. Kama huna sakafu ya zege, weka mbao nene na pana chini ya jeki na ya kila stendi. Juu ya mchanga mlaini usiingie chini ya gari kabisa. Zuia kwa kabari tairi zinazobaki chini, na kumbuka kwamba breki ya mkono kwa magari haya hushika tairi za nyuma tu: ukinyanyua nyuma, kabari za mbele ndizo zinazolizuia gari.

Spana za Toyota ni chache kuliko seti za dukani zinavyoonyesha: 8, 10, 12, 14, 17, 19, na 21 ya nati za tairi. Namba 10 nunua na ya akiba, maana ndiyo inayotumika zaidi na ndiyo inayopotea. Namba 13, 15 na 16 utazihitaji ukiwa na gari la Mjerumani. Soketi ziwe za pembe 6. Ile ya pembe 12 hushika nati kwenye ncha zake tu, na nati yenye kutu huviringika papo hapo. Racheti ya nusu inchi ni ya tairi na miguu ya gari. Ya 3/8 itafanya karibu kazi nyingine zote. Kwa nati za mabomba ya breki tafuta spana maalumu ya 10 yenye mdomo unaokumbatia karibu nati nzima. Nati zile ni laini, spana ya kawaida huziharibu, na ukishaiharibu itabidi ubadilishe bomba zima.

Bisibisi ya nyota nayo ina siri yake. Skrubu nyingi za magari ya Kijapani zimechongwa kwa kipimo cha JIS, yaani viwango vya Japani, na mara nyingi huwa na nukta ndogo kichwani. Bisibisi ya kawaida ya Phillips huruka ukiikaza na kula kichwa cha skrubu, lakini bisibisi ya JIS huingia sawasawa na kutulia.

Baada ya hapo nunua toki renchi ya nusu inchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, inayofika Nm (newtoni mita) 200 hivi. Nati za tairi za Toyota ndogo nyingi hukazwa Nm 103. Zikizidi, stadi, yaani bolti zinazoshika nati hizo, hunyooka na siku moja hukatika. Zisipokaza sawasawa, diski huanza kutetema unapofunga breki. Toki renchi ni ya kukazia tu, usifungulie nati nayo, na ukimaliza irudishe kwenye namba ya chini kabisa ili springi yake isichoke. Kufungulia kuna njia rahisi: nondo ya soketi yenye urefu wa sentimita 60. Kwa nati iliyokazwa Nm 103, uzito wa kilo 17 hivi kwenye ncha ya nondo hiyo unatosha, na hata nati yenye kutu huachia kabla hujauweka uzito wako wote.

Sasa kompresa. Wauzaji husifia nguvu za farasi na ukubwa wa mtungi, lakini swali la kuuliza ni moja: inatoa lita ngapi za upepo kwa dakika, ikiwa kwenye presha ya kazi? Kibandiko mara nyingi huandika upepo unaovutwa, na unaotoka ni pungufu, kwa mashine ndogo karibu theluthi mbili tu. Kompresa ya farasi 2 iliyoandikwa lita 200 kwa dakika hesabu kwamba utapata 120 hadi 140. Kama kibandiko kimeandikwa CFM, yaani futi za ujazo kwa dakika, zidisha kwa 28 upate lita.

Linganisha na vifaa utakavyovilisha. Kujaza tairi hakuhitaji kitu kikubwa: tairi ya Vitz ina nafasi ya lita 25 hivi, na kuipandisha kutoka psi 20 hadi 33 kunakula lita 22 tu za hewa ya kawaida. Bunduki ya nusu inchi ya kufungulia nati huandikwa lita 110 hadi 140 kwa dakika, lakini hicho ni kiwango cha wastani cha kazi ya kubonyeza na kuachia; ukiibonyeza mfululizo hula mara kadhaa ya hapo. Bunduki ya kupakia rangi inahitaji lita 225 hadi 340 bila kukatika, na mashine za kusaga na kupiga msasa ziko humo humo.

Mtungi nao una hesabu yake. Wa lita 24 ukishuka kutoka bar 8 hadi 6 (bar ni kipimo cha presha) unatoa 24 mara 2, yaani lita 48 za upepo. Kifaa kinachokula lita 130 kwa dakika kinazimaliza kwa sekunde 22. Baada ya hapo unategemea pampu peke yake. Kwa hiyo lita 24 na farasi 2 zinatosha tairi, kupuliza vumbi na kufungua nati chache chache. Lita 50 inakupa nafasi ya kupumua. Kupaka rangi mlango mzima kunahitaji pampu inayozungushwa kwa mkanda, farasi 3 na mtungi wa lita 100 au zaidi, na hata hapo pampu itafanya kazi muda wote. Anayekuambia ile ya lita 24 inapaka gari zima anakupeleka kwenye rangi yenye mabaka, kwa sababu presha itashuka katikati ya mkono mmoja wa rangi. Kama unachotaka ni kufungua nati tu, bunduki ya betri ya volti 18 au 20 ni bora kuliko kompresa: haina mpira wa kuburuta wala mtungi wa kutunza.

Ukiwa dukani omba iwashwe, na uwe na simu mkononi ya kupimia muda. Mtungi uwe mtupu kabisa, bomba la kutolea upepo limefungwa. Pima kutoka sifuri hadi inapojizima. Mtungi wa lita 24 ukifika bar 8 kwa dakika 1 na sekunde 36, umeingiza lita 192 kwa dakika 1.6, sawa na lita 120 kwa dakika. Hiyo ndiyo namba ya kweli, ingawa kwenye presha ya kazi itakuwa chini kidogo. Injini ikizima lazima usikie mpumuo mfupi, "pssh", kutoka kwenye swichi ya presha. Usiposikika, upepo umebaki juu ya pistoni na injini itashindwa kuwaka tena. Mpumuo huo ukiendelea bila kukoma, valvu ya kuzuia upepo kurudi imechoka. Kisha vuta pete ya valvu ya usalama iteme upepo, halafu subiri dakika 10 ukiangalia geji. Sindano ikishuka wazi wazi, kuna mahali panavuja.

Soma pia volti. Kompresa iliyotumika inayotoka Japani inaweza kuwa ya volti 100, na ya Marekani volti 120. Ukiichomeka kwenye umeme wetu wa 230 au 240 inaungua. Ya farasi 2 hula ampea 7 hivi ikizunguka, lakini inapoanza huvuta mara kadhaa ya hapo. Ndiyo maana ekstensheni nyembamba huua injini: volti zinashuka, injini inanguruma bila kuzunguka, kapasita inakufa. Tumia waya wa milimita 2.5 za mraba na ufupi iwezekanavyo, uurefushe mpira wa upepo badala ya waya. Mpira uwe na tundu la milimita 8 au zaidi. Ule wa kujikunja kama springi, wenye tundu jembamba, utaidhoofisha bunduki yoyote.

Kama pampu ni ya oili, jaza oili ya kompresa hadi alama nyekundu ya kioo, usiweke ile ya injini ya gari. Usipulize vumbi la breki kwa upepo, lioshe. Macho yafunikwe, na upepo usielekezwe kwenye ngozi.

Kwa wa Dar na Mombasa, maji ndiyo adui mkubwa. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 ikisukumwa hadi bar 8 na kupoa, kila lita 1,000 zinaacha gramu 20 hivi za maji, yaani vijiko vinne vya chai, chini ya mtungi. Mtungi unaliwa na kutu kutoka ndani usikoona, bati linakonda, na siku ya kupasuka huwa umesimama karibu. Kila ukimaliza kazi zima umeme, shusha presha ibaki kidogo, fungua kizibo cha chini maji yatoke hadi upepo uwe mkavu, na kiache wazi mpaka siku utakapoiwasha tena.