Jinsi ya kuisikiliza Dr. Feelgood ya Mötley Crüe

Mötley Crüe ni bendi ya roki ya Marekani, na Dr. Feelgood ni albamu yao. Vaa hedifoni nzuri. Spika ya simu huimeza besi ya Nikki Sixx, na bila besi na ngoma za Tommy Lee albamu hii hujaisikia.

Kabla hujaanza, jua hili: Desemba 1987 Sixx alizidisha heroini, akanusurika kifo. Bendi ikaacha ulevi, ikaenda Vancouver, Kanada, kurekodi na prodyuza Bob Rock. Mwaka 1989 albamu ikashika namba moja Marekani.

Anza na wimbo wenye jina la albamu, hadithi ya muuza dawa za kulevya. Kisha weka "Kickstart My Heart" na urudie mwanzo wake: gitaa la Mick Mars linanguruma kama pikipiki inayopandishwa gia. Wimbo huu unahusu usiku ule wa Desemba, na umeandikwa na Sixx mwenyewe. Wanaousikia kama sifa za sindano wanaukosea. Mimi nasikia mtu anayeshangaa kuwa bado anapumua.

"Without You" mimi huiruka. Ukipata nafasi, sikiliza pia albamu ya 1991 ya bendi ya Metallica. Bob Rock huyohuyo, uzito uleule wa ngoma.