Jinsi ya kusaka siri walizoficha watengenezaji ndani ya San Andreas

GTA San Andreas imetoka 2004 na mpaka leo ukipita vibanda vya gemu hapa Mbeya, Mwanjelwa au Uyole, hukosi dogo kaishikilia pedi anaicheza, ila wengi wanamaliza misheni afu basi, wanazima. Humo ndani jamaa walioitengeneza, Rockstar North wa Edinburgh kule Scotland, wameacha vitu vyao kwa ajili ya mtu anayetafuta, wachezaji wanaviita mayai ya Pasaka.

Cha kwanza kushika ni hiki: nenda pale ambapo misheni haikutumi. Juu ya paa, nyuma ya jengo, kileleni mwa daraja. Huu mchezo wa kuficha una historia yake, zamani kampuni ya gemu ya Atari walikuwa hawaandiki majina ya waliotengeneza gemu, sasa jamaa mmoja anaitwa Warren Robinett akaficha kidoti kidogo mno ndani ya gemu lake la Adventure, rangi yake sawa na ya sakafu kwahiyo hukioni, ukikibeba mpaka sehemu fulani unaingia chumba kimeandikwa jina lake. Hakumwambia mtu kazini. Kampuni ilikuja kujua 1980 baada ya dogo wa miaka 15 wa kule Utah, Marekani, kuwaandikia barua. Mi huwa naikumbuka sana hiyo stori, mtu alitaka tu ajulikane kwamba hii kazi ni yake.

Haya, tuanze na daraja la Gant, lile kubwa jekundu la San Fierro, mji mmojawapo humo kwenye gemu. Kama bado hujafunguliwa San Fierro kwenye misheni polisi watakuandama nyota nne, so subiri ufunguliwe kwanza. Sevu gemu lako kabla ya kitu chochote. Kisha weka jetipaki, kile kifaa cha mgongoni cha kurukia, kwa chiti, yani kodi ya siri: kwenye PS2 bonyeza Kushoto, Kulia, L1, L2, R1, R2, Juu, Chini, Kushoto, Kulia, usisite katikati, kwenye kompyuta andika ROCKETMAN. Shikilia X upande mpaka juu kabisa ya mnara, kagua minara yote miwili, utakuta kibao kinakwambia huku juu hakuna mayai ya Pasaka, ondoka. Mi nilikiona kwenye tivii ya chogo yenye mistari, tulisogeza uso mpaka karibu na kioo ndo tukaweza kusoma, kibanda kizima kililipuka kelele. Ukimaliza usisevu juu ya gemu lako la kawaida maana chiti zingine zinaharibu kabisa.

Mwezi ni rahisi. Usiku anga likiwa safi chukua snaipa, ile bunduki yenye darubini, vuta karibu, piga risasi mwezini, unabadilika ukubwa. Piga tena, unabadilika tena.

Sasa yale magari ya msitu wa Back o Beyond yanayotembea bila dereva. Watu wanasema ni mizimu, hapana. Ni magari mabovu aina ya Glendale yaliyowekwa kwenye mteremko, ukisogea karibu gemu ndo inaliweka gari pale na mlima unalivuta, sawa na gari lililoachwa bila handibreki mteremko wa Iwambi. Nenda kasimame juu yake kilimani uangalie lilipoanzia, utaona mwenyewe. Na Bigfoot, lile jitu la manyoya la kwenye hadithi, hayumo, usipoteze usiku mzima mlima Chiliad kama mimi na binamu yangu tulivyofanya likizo nzima ya Juni tumejifunika blanketi.

Ninachokipenda kuliko vyote hakina kibao wala chiti. Mashariki ya San Fierro, pembeni ya daraja la magari la Garver, kuna daraja la treni linaitwa Kincaid. Simama chini yake liangalie vizuri zile nondo zilivyopanda na kushuka, kisha tafuta picha ya Forth Bridge, daraja la reli lililofunguliwa 1890 jirani na Edinburgh. Ndo lenyewe. Yani jamaa walikuwa wanachora California afu wakaleta daraja la nyumbani kwao. Siku nikijua kutengeneza gemu, hata kama ramani ni ya Tokyo, Daraja la Mungu la pale Rungwe litakuwepo, na mto Kiwira ukipita chini.