Jinsi ya kusoma riwaya ya Kibudha na ndugu yako bila kuiacha katikati

Kama umepata riwaya ya Kibudha, zile za ndugu wawili wanatoka nyumbani kutafuta ukweli halafu njia zinaachana, naomba usiisome peke yako. Isome na ndugu yako wa tumbo moja, hasa yule ambaye siku hizi mnasalimiana kwa meseji tu. Mimi na kaka tulisoma yetu hapa Dodoma baada ya arobaini ya mama, tulikuwa hatuongei vizuri kisa kiwanja, na kitabu ndo kilitukalisha jamvi moja.

Sura moja kwa jioni inatosha. Mmoja anasoma kwa sauti mwingine anasikiliza, simu ziko ndani, mkae nje upepo ukishapoa. Usisome kama unatafuta makosa ya dini ya watu, na usikimbilie kusema aah hii mbona iko kwenye Biblia au Kurani, utafunga kitabu kabla hakijasema chake.

Kabla ya kuanza jueni vitu vichache. Buddha ni cheo, maana yake aliyeamka, jina lake ni Siddhartha Gautama, alizaliwa Lumbini ambayo leo iko Nepal, akaacha mke na mtoto mchanga akaenda kutafuta. Aliamka akiwa chini ya mti pale Bodh Gaya, India, na ule mti ni jamii moja na mkuyu wetu huu, kwa hiyo mkifika hapo kwenye kitabu msiwaze mti wa ajabu, wazeni mkuyu. Kuna neno dukkha, wengi wanalitafsiri mateso ila ni pana zaidi, mi nalielewa kama baiskeli yenye ringi iliyopinda, inaenda ndio lakini haitulii hata kwenye lami.

Na mjue habari ya Ananda, hii ndo ufunguo wa undugu kwenye riwaya hizi. Kwa mapokeo alikuwa mtoto wa baba mdogo wa Buddha, kwetu hapo hakuna cha binamu ni ndugu kabisa, alimhudumia miaka kama 25, na Buddha alipokaribia kufa Ananda alijitenga akaegemea mlango analia. Buddha akauliza yuko wapi, akaagiza aitwe, akamtuliza. Anayekufa ndo anambembeleza anayebaki! Mkikutana na ndugu wawili kwenye riwaya, kila mara jiulizeni nani kaegemea mlango na nani anamwita.

Kingine ni kile kisa cha Kisa Gotami, mama aliyefiwa na mtoto akazunguka na maiti mkononi anaomba dawa. Buddha akamwambia alete mbegu za haradali kutoka nyumba ambayo haijawahi kufiwa. Sisi tulisimama hapo tukahesabu majirani, kuanzia kwa mama muuza zabibu mpaka kona ya msikiti, chumvi ungepewa kila nyumba, lakini isiyofiwa hatukuipata hata moja, na kaka akaanza kuongea habari za mama kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Sehemu za kutembea tembea, misitu, mito, watawa na mabakuli yao ya kuomba chakula, hizo someni tu zipite, msizichambue sana. Ila pale ndugu kwenye kitabu wananyamaza, na nyie nyamazeni kidogo kabla ya kufungua ukurasa mwingine.

Mkipata safari ya Dar pandeni treni mkaone hekalu la Wabudha, liliwekwa na watu wa Sri Lanka enzi za ukoloni, ingieni kwa heshima viatu mviache nje.

Sura ya mwisho apewe mkubwa asome. Akikwama katikati sauti ikakata usimwambie pole wala usimwangalie sana, pokea kitabu, endelea pale pale alipoishia.